Shehena ya betri chakavu iliyozuiliwa Kasumbalesa: uchambuzi wa kisa kimoja

Mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua na kuuza vyuma chakavu katika komini ya Kampemba, aliagiza kutoka Dar es Salaam lori la betri za magari zilizokwisha kutumika, akiwa na nia ya kuzivunja na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani yake. Lori lilitoka Tanzania kwa mpaka wa Tunduma na Nakonde, likavuka Zambia kwa kupitia Kapiri Mposhi na miji ya Copperbelt, likafika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na hapo likazuiliwa. Tamko la forodha lilibeba namba 8507.10, yaani betri za asidi na risasi za kuwashia injini za pistoni, na kwenye nafasi ya maelezo wakala alikuwa ameandika “betri za okazioni”, yaani za mitumba. Mkaguzi alipofungua turubai aliikataa namba hiyo. Wakala akaleta kitabu cha zamani chenye namba nyingine, na rafiki wa mwenye mali akapendekeza namba ya tatu ambayo kwake ilionekana kuwa ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Majina ya wahusika siyataji, kwa sababu hayaongezi kitu katika kulielewa jambo. Nilipewa faili niisome na kutoa maoni, na kilichonisukuma kuandika ni kwamba mabishano yote yalihusu namba ya ushuru, na kila mtu aliamini kwamba namba sahihi ikipatikana lori litaendelea na safari. Haikuwa hivyo, na isingeweza kuwa hivyo. Betri chakavu huulizwa maswali mawili na sheria mbili zisizofanana: forodha huuliza betri iko katika hali gani, na mikataba ya kimataifa ya taka hatari huuliza betri inakwenda kufanywa nini. Mtu anaweza kushinda katika swali la kwanza na bado akashindwa kabisa katika la pili.

Yaliyoonekana chini ya turubai

Betri zilirundikwa moja juu ya nyingine hadi karibu na ukingo wa bodi, bila paleti na bila katoni kati ya tabaka na tabaka. Nyingi zilikuwa za malori, zile za volti 12 ambazo moja huwa na uzito wa kilo 40 hadi 60. Chini yake zilikuwapo ndogo za magari ya kawaida, na pembeni betri kadhaa za sola. Vifuniko vya seli vilikuwa vimeng'olewa katika sehemu kubwa ya mzigo, kwa kuwa muuzaji alimwaga asidi kabla ya safari ili uzito wa lori usipite kiasi, na wapi aliimwaga hakuna karatasi iliyosema. Asidi iliyobaki ilikuwa imevuja. Mbao za sakafu zilikuwa zimelainika na kugeuka rangi, na vichwa vya bolti vilivyozishikilia vilikuwa vimefunikwa na unga mweupe. Kijana mmoja wa kupakua alikuwa amesimama juu ya rundo hilo akiwa na ndala miguuni.

Mkaguzi alichagua betri hapa na pale bila mpangilio akazipima kwa multimita. Betri ya volti 12 yenye afya, ikiwa imetulia, husoma karibu 12.6. Nyingi za hizi zilisoma karibu na sifuri, na baadhi zilisimama kwenye 10.5 hivi, dalili ya kwamba seli moja kati ya sita imekufa, kwa maana kila seli hutoa kiasi cha volti 2.1. Lakini chache, zilizopangwa upande wa nyuma ambako mkono wa mkaguzi hufika kwanza, zilisoma zaidi ya 12.4 na pengine zingeweza kuwasha injini. Sitaki kudhani nia ya aliyezipanga hivyo. Nasema tu kwamba mzigo ulikuwa mchanganyiko, na jambo hilo lilikuja kuwa na uzito baadaye.

Ankara nayo ilieleza mengi, kwa sababu bei iliandikwa kwa kilo. Mtu anayenunua betri ya okazioni ili aifunge kwenye gari huuliza ina ampea ngapi na imetumika muda gani, wala hapimiwi kwenye mizani kama mnunuzi wa chuma.

“Papa,” mkaguzi alimwuliza mwenye mali, “hizi betri utaziuzisha ao utaziyeyusha?”

“Mama, ni za kuyeyusha. Ndiyo kazi yangu.”

Alijibu kwa moyo mweupe, na naamini alidhani jibu hilo lingemsaidia, kwa kuwa kila siku tunasikia kwamba kurejeleza taka ni jambo jema. Kwa jibu hilo, hata hivyo, aliingia mwenyewe ndani ya mkataba ambao hakuwahi kuambiwa kwamba upo.

Ubishi wa namba

Hoja ya wakala haikuwa ya kipuuzi, na inastahili kujibiwa kwa hoja. Kifungu cha 85.07 cha HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa namba za forodha, kinahusu vilimbikizi vya umeme, na hakuna neno ndani yake linalodai viwe vipya. Betri iliyotumika mwaka mmoja ni betri bado. Zile za kuwashia injini zinakaa 8507.10, na nyingine za asidi na risasi, kama za sola na za minara ya simu, zinakaa 8507.20. Kama lori lingebeba betri zilizopimwa moja moja, zinazoshika chaji, zilizofungwa ili zisiumizane njiani, ningekuwa upande wa wakala bila kusita.

Mpaka kati ya betri iliyotumika na betri iliyokwisha umewekwa na maelezo ya Sura ya 85 yenyewe. Betri iliyokwisha ni ile ambayo haiwezi kutumika kama ilivyo kwa sababu ya kuvunjika, kukatwa, kuchakaa au sababu nyingine, na ambayo pia haiwezi kuchajiwa tena. Masharti hayo mawili yanakwenda pamoja. Betri isiyo na chaji leo, lakini inayoweza kupokea chaji kesho, haijakwisha. Betri iliyomwagwa asidi, yenye sahani zilizojikunja na kasha lililopasuka, imekwisha hata kama rangi yake ya nje inang'aa. Ndiyo maana multimita peke yake haitoshi, na mkaguzi alifanya vizuri kutazama pia makasha, ncha za kuunganishia na hali ya sahani ndani ya matundu yaliyokuwa wazi.

Kitabu cha wakala kilisema 8548.10, na hapo alikuwa amekaribia ukweli lakini kwa anwani ya zamani. Kabla ya tarehe 1 Januari 2022 taka zote za betri, ziwe betri kavu za tochi au betri za malori, zilikaa pamoja katika 8548.10. Toleo la mwaka 2022 la HS lilianzisha kifungu kipya cha 85.49 kwa ajili ya taka za umeme na elektroniki, na ndani yake kijifungu 8549.11 kikatengwa kwa taka za betri za asidi na risasi peke yake. Mgawanyo huo ulifanywa makusudi, ili nchi ziweze kufuatilia mienendo ya taka hizi na kutekeleza Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi na nchi. Shehena hii, kwa sehemu yake kubwa mno, ni ya 8549.11. Atakayekutana na faili ambamo karatasi za upande mmoja zinasema 8548.10 na za upande mwingine 8549.11 asifikiri kwamba amepata mwanya, kwa kuwa namba zote mbili zinasema kitu kilekile: hii ni taka.

Rafiki wa mwenye mali alipendekeza 7802, yaani mabaki na takataka za risasi. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachonunuliwa hasa ni risasi, na plastiki ni ya kutupwa. Alikwenda mbali zaidi akashauri kwamba safari ijayo betri zivunjwe hukohuko zinakotoka, zije sahani tupu. Ushauri huu unanitia hofu kuliko makosa yote ya faili hii, na ndiyo sababu naukawilia. Kwanza, hausaidii hata kwa namba, kwa maana 8549.11 inataja pia mabaki ya betri hizo, na sahani zilizotolewa ndani ya kasha zikiwa bado na uji wake wa risasi ni mabaki ya betri. Pili, Mkataba wa Basel unao mlango wa taka zisizo hatari, na humo vyuma safi vya risasi vimetajwa chini ya alama B1020, lakini kwa maneno ya wazi yanayozitoa betri za asidi na risasi. Alama yao ni A1160, betri chakavu za asidi na risasi, nzima au zilizopondwa. Aliyeandika neno “zilizopondwa” alikwisha kuiona hila hii. Tatu, na hili ni zito kuliko yote, kuvunja betri kwa shoka uani ndiyo hatua inayotawanya vumbi la risasi kuliko nyingine nyingi, na sheria ikisukumwa kwa hila ya namna hiyo sumu hubaki kwa watoto wa jirani kule Dar es Salaam badala ya wa Kampemba.

Ziko betri chache zilizosoma 12.4. Je, ziandikwe 8507.10 na nyingine 8549.11? Kwa forodha, ndiyo, bidhaa mbili zinaweza kutamkwa kwa mistari miwili zikiwa zimetengwa, zimehesabiwa na kupimwa. Hazikuwa zimetengwa, na Kasumbalesa, katikati ya malori yanayosubiri, si mahali pa kuchambua betri zinazovuja. Kazi hiyo ingefanywa ghalani kabla ya kupakia. Kwa maoni yangu mzigo uliochanganywa hivi unapaswa kuchukuliwa wote kuwa taka mpaka muuzaji athibitishe vingine.

Katika faili kulikuwa pia na ombi la nafuu ya ushuru kwa msingi wa cheti cha asili ya bidhaa. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na pamoja na Tanzania imo pia katika SADC, kwa hiyo wazo lenyewe lina mantiki. Lakini tazama kanuni inayotumika: vitu vilivyotumika huhesabiwa kuwa vimezalishwa kikamilifu katika nchi vilikokusanywa pale tu vinapokuwa havifai kwa kingine isipokuwa kurudishiwa malighafi. Anayeomba nafuu kwa kanuni hiyo anakiri kwa saini yake kwamba betri zimekwisha. Hawezi kukiri hivyo kwenye cheti na kulikana neno lake kwenye tamko.

Swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya safari

Sasa tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba kila betri katika lori ilisoma 12.6 na kwamba forodha iliikubali 8507.10. Je, lori lingepita? Mkataba wa Basel, uliopitishwa tarehe 22 Machi 1989 na kuanza kutumika tarehe 5 Mei 1992, unasema taka ni kitu kinachotupwa au kinachokusudiwa kutupwa, na katika orodha yake ya namna za kutupa imo pia alama R4, kurejeleza na kurudisha metali. Nia ya mwenye mali inahesabiwa. Betri nzima inayokwenda kwenye tanuri ni taka kwa mkataba huu, ingawa kwa forodha bado ni betri. Ndiyo maana jibu la “ni za kuyeyusha” lilimaliza suala lote upande wa pili, namba iwe ipi.

Na taka ya A1160 haiondoki nchini kwa ankara na hati ya mizigo peke yake. Mamlaka ya mazingira ya nchi inayosafirisha huzipelekea taarifa ya maandishi mamlaka za nchi inayopokea na za nchi ya kupitia. Fomu ya taarifa hutaja kila kitu: A1160, Y31 kwa risasi na Y34 kwa asidi, H8 kwa hatari ya kubabua, namba ya Umoja wa Mataifa 2794 kwa betri za maji zilizojaa asidi, R4 kwa kazi itakayofanywa, na hata namba ya forodha, ambayo inalazimika kulingana na ile ya tamko. Nchi inayopokea hutoa ridhaa kwa maandishi, na hutakiwa kuthibitisha kwamba uko mkataba kati ya msafirishaji na mrejelezaji unaoeleza jinsi taka itakavyoshughulikiwa kwa njia salama kwa mazingira. Nchi ya kupitia, ambayo hapa ni Zambia, ina siku 60 za kujibu. Kisha hati ya mwendo huambatana na mzigo tangu unapoanzia hadi unapoyeyushwa, na kila anayeupokea mikononi huweka saini. Kwa wale wenye biashara ya kudumu, taarifa moja ya jumla inaweza kufunika safari nyingi za taka za aina ileile katika kipindi kisichozidi miezi 12.

Hakuna hata karatasi moja kati ya hizo iliyokuwamo ndani ya faili. Haziwezi kutafutwa wakati lori limesimama mpakani, kwa kuwa ridhaa ni sharti la kuanza safari, si faini ya kulipia safari iliyokwisha kufanywa. Hili ndilo gumu kuwaeleza wafanyabiashara wetu, waliozoea kwamba karatasi inayokosekana hupatikana ukisubiri na ukilipa.

Kongo imeridhia pia Mkataba wa Bamako, uliopitishwa tarehe 30 Januari 1991 na kuanza kutumika tarehe 22 Aprili 1998, nao unapiga marufuku kabisa kuingiza Afrika taka hatari kutoka nchi zisizo wanachama wake. Tanzania ni mwanachama, kwa hiyo marufuku hiyo haikuigusa shehena hii. Mwenye mali aliniuliza kama angeweza kununua Dubai badala yake. Hawezi, hata akikusanya vibali vya namna gani.

Tanuri la Kampemba

Nililitazama tanuri lililokusudiwa. Ni nusu ya pipa la mafuta lililowekwa juu ya matofali, linalochochewa kwa makaa, ndani ya ua ambao nyuma ya ukuta wake kuna nyumba. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, kwa hiyo pipa hilo linatosha kuyeyusha vyuma vya sahani na vichwa vya kuunganishia. Haliwezi kamwe kuurudisha uji wa sahani, ambao ni salfeti na oksidi za risasi. Huo hutaka tanuri lililofungwa lenye joto la karibu nyuzi 1,000, pamoja na kaboni na kemikali za kuondoa salfa, na vichujio vya kukamata moshi. Mwenye mali alikuwa amepiga hesabu kwamba karibu asilimia 60 ya uzito wa betri ni risasi, jambo ambalo ni kweli, na kwamba tani moja ya risasi katika soko la dunia huuzwa karibu dola 2,000. Hesabu yake ilisahau kwamba sehemu kubwa ya risasi hiyo imo ndani ya uji, na kwamba kwa pipa lake uji huo ungebaki kuwa majivu na takataka za kutupwa nyuma ya ukuta.

Nyuma ya ukuta huo ndiko watoto wanakocheza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Huko Thiaroye-sur-Mer, kiungani mwa Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo betri zilikuwa zikivunjwa na wakazi wakichekecha mchanga ili waokote vipande vya risasi. Wala mtu asidhani kwamba kuwa na jengo na leseni kunatosha. Owino Uhuru, katika Mombasa, kilikuwapo kiwanda chenye milango na wafanyakazi, na mmoja wao, Phyllis Omido, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya huko iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Sisi wa Katanga, tulioishi chini ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na mlima wake mweusi wa takataka za kiwanda, hatuhitaji kufundishwa kwamba vumbi la metali halina mpaka wa ua. Kisichotakiwa ni kuongeza vumbi jingine, lililo baya zaidi kwa ubongo wa mtoto, kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo hata kama taarifa ingefika kwa wakati, ridhaa isingestahili kutolewa. Basel inaiagiza nchi izuie kuingia kwa taka ikiwa ina sababu ya kuamini kwamba hazitashughulikiwa kwa njia salama. Sheria yetu namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya ulinzi wa mazingira nayo inataka miradi ya aina hii ifanyiwe kwanza utafiti wa athari, ambao hupitiwa na Shirika la Mazingira la Kongo, ACE. Tanuri la pipa halina utafiti, wala hakuna utafiti wa kweli ambao lingeweza kuupita.

Lori lifanywe nini

Shehena iliyosafiri bila taarifa wala ridhaa ni usafirishaji haramu kwa Kifungu cha 9 cha Basel, na kifungu hicho kinagawanya mzigo wa lawama kwa namna ambayo watu wengi hawaitambui. Kosa likiwa la msafirishaji au mzalishaji wa taka, nchi iliyosafirisha inawajibika kuhakikisha taka zinarudishwa ndani ya siku 30 tangu ijulishwe. Kosa likiwa la mwagizaji au mrejelezaji, nchi iliyopokea ndiyo inayowajibika kuhakikisha taka zinashughulikiwa salama na mwagizaji au mrejelezaji, au ikibidi na nchi yenyewe. Na ikiwa kosa haliwezi kubandikwa kwa upande mmoja, nchi husika hushirikiana kutafuta njia.

Katika kisa hiki upande wa Kongo ulikuwa na kishawishi cha kumwadhibu mwagizaji na kubaki na mzigo. Nilipinga, na sababu yangu ni ya vitendo. Kumlazimisha mwagizaji ashughulikie taka salama kunahitaji pawepo mahali pa kuzishughulikia salama. Akikosa, mzigo uliotaifishwa utalala kwenye ghala, kisha utauzwa kwa mnada, na mnunuzi atakuwa mtu mwingine mwenye pipa. Msafirishaji ndiye aliyepakia bila kuitaarifu mamlaka ya nchi yake, na ndiye aliyemwaga asidi. Kosa la mwagizaji lipo, na tamko la uongo linaweza kuadhibiwa kwa Kanuni za Forodha za mwaka 2010, lakini adhabu hiyo ni jambo jingine na hailazimishi betri kubaki.

Maoni hayo ndiyo yaliyofuatwa: lori lirudi. Hata kurudi kunavuka Zambia, hivyo mamlaka ya mazingira ya huko ilipaswa kujulishwa kama ilivyostahili kujulishwa mwanzoni. Kabla ya kuondoka, betri zilizovuja zilihamishiwa ndani ya mapipa ya plastiki, kwa kuwa chuma kingeliwa. Sakafu ikanyunyiziwa chokaa ili kuua asidi. Zilizobaki nzima zikasimamishwa juu ya paleti vichwa vikiwa juu, katoni kati ya tabaka, na ncha zikafunikwa zisigusane. Vijana waliofanya kazi hiyo walipewa glavu za mpira, miwani na mabuti, na mwenye mali ndiye aliyevilipia.

Alipoteza fedha nyingi, na sikufurahi kuona hivyo, maana ni mtu wa kazi na hakuna aliyemweleza sheria hii kabla hajatuma malipo. Alipouliza kama amekwisha kabisa na betri, nilimwambia hapana. Lubumbashi imejaa betri zinazokufa: za malori ya migodi, za teksi, za sola katika kila mtaa ambao umeme wa SNEL hukatika. Zinahitaji mtu wa kuzikusanya zikiwa nzima, asidi ikiwa ndani, na kuzihifadhi chini ya paa juu ya sakafu isiyopenya, hadi zipelekwe kwenye kiwanda chenye tanuri lililofungwa na kibali cha nchi kilipo. Njia ni ileile ya Basel ikielekea upande wa pili: taarifa inatoka Kinshasa, ridhaa zinatoka kwa nchi ya kupokea na ya kupitia, na namba ni 8549.11 tangu mstari wa kwanza.

Ameanza kwa kutafuta mkataba na kiwanda cha namna hiyo. Mpangilio huo ni sahihi, kwa sababu fomu ya taarifa ina nafasi ya jina la mrejelezaji na kazi atakayoifanya, na mkataba huo usipokuwapo hakuna cha kuandika hapo.